Mashine ya studio ya Moshi: makosa ya RAM yanayokuja mchana

Jumamosi, Sakina, Arusha

Vipuri vimetimia. Prosesa ni Ryzen 5 5600, mazabodi ni ya B550, RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, ni DDR4 vijiti viwili vya GB 16, diski ni NVMe ya TB 1, paua saplai ya wati 650, na kadi ya grafiki ni ya mtumba ambayo shemeji alishainunua kabla hata hajaniambia anataka mashine. Vingi vimekuja na basi kutoka Kariakoo. RAM nimeichukua hapa hapa mjini kwa sababu ilikuwepo dukani na bei haikupishana sana na ya Dar.

Mashine inakwenda Moshi, kwenye studio ya shemeji ya video za harusi. Anapiga sendofu, kichenipati na harusi zenyewe, kamera tatu kwa mpigo, zote za 4K. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa na GB 8. Akifungua mradi wa kamera tatu anaenda kunywa chai na kurudi.

Kuunganisha hakukuwa na mambo mengi. RAM nimeiweka sloti ya pili na ya nne ukihesabu kuanzia kwenye prosesa, na hili nalisisitiza kwa sababu naona mafundi wengi wanaweka popote panapoingia. Bodi nyingi za sloti nne zimechorwa njia zake zikaishia kwenye hizo mbili za mbali. Ukitumia za karibu, kipande cha njia kinachobaki mbele hakina kazi ila kurudisha mawimbi nyuma, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo yanavyosumbua. Na ukivibananisha vijiti vyote kwenye chaneli moja, prosesa inasoma kwa mlango mmoja wakati ilikuwa na miwili.

BIOS, ile programu ya mipangilio ya bodi, ilipowaka mara ya kwanza ilionyesha kasi ya RAM ni 2400. Boksi limeandikwa 3600, lakini kasi ya boksi haiji yenyewe, lazima uwashe XMP, mpangilio wa kasi uliohifadhiwa kwenye kijiti chenyewe. Kuna watu wametumia RAM ya gharama miaka mitatu kwa kasi ya chini, na siwalaumu, maana hakuna anayewaambia wakati wa kununua. Ukiwasha XMP, umeme wa RAM unapanda kutoka volti 1.2 hadi 1.35. AMD wenyewe, watengenezaji wake, wanaitambulisha prosesa hii kwa DDR4-3200. Kufika 3600 ni kuzidisha kipimo, ingawa prosesa za ukoo huu kwa kawaida zinakubali.

Nimewasha XMP, nimechomeka flashi yenye Memtest86+, programu ya kupima RAM inayoandika mstari mwekundu kwa kila kosa, nimefunga mlango nikalala. Asubuhi hakuna mstari mwekundu hata mmoja. Windows imeingia, draiva zimeingia, programu ya kuhariri imefunguka.

Jumanne

Mashine ilifika Moshi jana asubuhi. Leo saa nane mchana simu.

"Shemeji, habari za huko? Ile mashine imenipa bluu."

Akatuma picha WhatsApp, ile skrini ya bluu ya Windows ikianguka. MEMORY_MANAGEMENT. Nikamuuliza kama ni mara ya kwanza, akasema jana mchana ilitokea nyingine yenye jina refu, akaitafuta kwenye simu akaituma: IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Katikati ya hizo mbili programu ya kuhariri ilijifunga yenyewe bila kusema neno. Na usiku? Usiku alirenda harusi nzima, yaani aliiachia mashine itoe video kamili, akaenda kulala, asubuhi akaikuta imemaliza salama.

Jina MEMORY_MANAGEMENT peke yake si hukumu. Ni sehemu ya Windows inayogawa kumbukumbu ndiyo imegundua hesabu zake haziendi, na draiva iliyoandika pasipoihusu inaweza kuleta bluu hiyohiyo. Ila draiva mbovu ina tabia ya kurudia jina moja. Leo jina hili, kesho lile, kesho kutwa programu inakufa kimya: hapo nageukia chuma, yaani RAM, prosesa au umeme.

Nikataka ushahidi kabla ya kupanda Coaster. Nikamwambia afungue ile dirisha nyeusi ya amri, aandike certutil -hashfile, jina la video moja kubwa, kisha SHA256. Amri hiyo inasoma faili zima na kutoa alama ya hashi, herufi na tarakimu 64; ikibadilika biti moja tu, yaani moja au sifuri moja, ndani ya faili, alama nzima inageuka. Akanisomea mwanzo wake kwenye simu: saba, c, nne, sifuri, e. Rudia amri ileile, faili lilelile. Tukasubiri. "Sasa inaanza na b, tisa, tisa." Nikamuuliza kama amegusa chochote. "Shemeji, nimeshika simu kwa mkono mmoja na soda kwa mwingine."

Nikamwambia azime, awashe, arudie. Ikarudi saba, c, nne.

Jibu hilo lina thamani kuliko bluu zote mbili. Faili kwenye diski halijaharibika, kwa sababu baada ya kuwasha upya limesomeka sawa. Windows ikishasoma faili inabaki na nakala yake kwenye RAM ili safari ya pili iwe ya haraka, na hiyo nakala ndiyo iliyogeuka ikiwa imekaa pale. Sasa fikiria kinachotokea mtu anaponakili video kutoka kwenye kadi ya kamera kwenda kwenye diski. Inapitia RAM. Ikigeukia humo, inaandikwa kwenye diski ikiwa imegeuka, na hakuna bluu wala onyo lolote.

"Shemeji, usifute kadi yoyote ya kamera mpaka nikwambie."

"Nimeshafuta mbili."

Fundi wa jirani yake kamwambia tatizo ni umeme mdogo. Nyuma ya studio kuna vijana wanachomelea mageti na madirisha, na wakigusisha tu, taa za studio zinafifia. Sina sababu ya kumpinga. Paua saplai nzuri inavumilia kushuka kwa umeme, lakini ina kikomo.

Alhamisi, Moshi

Nimefika kabla ya adhuhuri. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi ni mita 800 na kitu, na mwezi huu wa Februari tofauti hiyo unaisikia unaposhuka tu stendi. Studio ni chumba kimoja mtaa wa Majengo, bati juu, dari hakuna. Mashine ipo chini ya meza, ubavu mmoja umeegemea ukuta, mwingine umezibwa na begi la taa. Feni ya meza inampuliza shemeji, siyo mashine.

Nikaitoa, nikafungua kasha, nikachomeka flashi. Memtest86+ ikazunguka raundi nzima bila kosa, na saa saba na nusu mchana ilikuwa imefika. Shemeji ananitazama kama mtu aliyempeleka mtoto hospitali na homa ikashuka mlangoni. Nikafunga kasha, nikalirudisha chini ya meza na begi lake ubavuni, nikaanza upya.

Haikuchukua muda. Mstari mwekundu wa kwanza ukaja kwenye jaribio la 5, kisha mingine ikafuatana. Jedwali la makosa linakupa anwani, thamani iliyotarajiwa na thamani iliyokutwa. Iliyotarajiwa: ffffffffffffffff. Iliyokutwa: ffffffffffdfffff. Biti moja kati ya 64 imeanguka kutoka moja kwenda sifuri, ile ya 21 ukihesabu kuanzia sifuri. Mstari unaofuata anwani tofauti kidogo, biti ileile. Kila mara inatoka moja kwenda sifuri, sikuona hata mstari mmoja wa kinyume chake.

Kwa hiyo mafundi wote tunaofungua kasha kwanza ndipo tupime, kwa tatizo la namna hii tunafukuza ushahidi kwa mikono yetu.

Hatua iliyofuata: nimezima XMP. RAM ikarudi 2400 na volti 1.2. Kama kosa lilikuwa la kasi, yaani mawimbi kuchelewa kufika au prosesa kushindwa 3600, hapa lingekwisha. Makosa yalipungua, hayakwisha. Biti ileile ya 21. Hii ikanipa mawazo, maana kuzima XMP kunapunguza pia joto la kijiti kidogo.

Mtu angeweza kuuliza kwa nini nisiangalie anwani nikajua ni kijiti kipi. Vijiti viwili vikiwa kwenye chaneli mbili, prosesa inagawa data kwa kupishanisha, kipande huku kipande kule, kwa hiyo anwani ya GB 19 haimaanishi kijiti cha pili. Njia ya uhakika ni kuchomoa kimoja. Lakini kabla sijachomoa nilitaka kwanza kumaliza kesi ya umeme, kwa sababu jua na wachomeleaji wana ratiba moja. Wanaanza pamoja, wanapamba moto pamoja, na saa kumi na mbili jioni wanafunga pamoja. Makosa nayo yakakoma magharibi. Ukisema ni joto, fundi wa jirani atakwambia ni umeme, na wote wawili mna saa zilezile za kuthibitisha.

UPS ya shemeji ya zamani, ile ya kushika umeme ukikatika, betri yake imekufa, inapiga kelele tu. Basi badala ya kuondoa wachomeleaji mchana nikaamua kuleta mchana usiku.

Mlango wa tatu kutoka studio kuna saluni. Dada mwenye saluni alinipa draya yake kwa sharti kwamba nisiivushe barabara, na akatuma msichana wake aje aone inafanya nini. "Mnaiseti?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, tunaiseti.

Vijiti hivi havina kipimajoto ndani yake. Shemeji alikuwa na ile bastola ya kupimia homa, haifai, ikivuka joto la mtu mwenye homa kali inaandika Hi basi. Nilitumia multimita yangu, ina waya mwembamba wa kupimia joto. Niliuingiza ncha yake chini ya bati la urembo la kijiti, nikaubana na gundi ya utepe. Hayo mabati yenye mabawa na rangi, mengi yanauza tu. Lakini yanashika joto vizuri, na kwa kazi ya leo yalinifaa.

Saa mbili usiku. Wachomeleaji wamefunga, taa hazifurukuti, nje kuna upepo kidogo. XMP imezimwa. Memtest inazunguka, kijiti kina nyuzi joto 38, hakuna kosa. Draya kwenye moto mdogo, umbali wa shibiri na nusu hivi. 44, safi. 48, safi. Ilipofika 52 mstari mwekundu, biti ya 21. Nikazima draya, ikashuka chini ya 50, makosa yakakoma. Nikawasha tena, yakarudi. Msichana wa saluni akachoka akaondoka.

Kisha kijiti kimoja kimoja. Nimevibandika karatasi, K na M. K peke yake kwenye sloti yake, nikakipasha mpaka 61: safi. M peke yake: mekundu kuanzia hapohapo kwenye 52. M kwenye sloti ya K: mekundu, na sasa kwa kuwa hakuna kupishanisha, anwani zinajirudia zilezile. K kwenye sloti ya M: safi. Kwa hiyo sloti haina kosa, bodi haina kosa, na kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa hakina kosa, maana vyote hivyo vimemhudumia K bila shida kwenye joto kubwa zaidi. Umeme wa usiku huu ni uleule kwa vijiti vyote viwili.

Nimemwachia shemeji K peke yake. GB 16 kwa chaneli moja, ataona uzito, lakini atafanya kazi za wiki hii kwa amani. Mashine imetolewa chini ya meza. Begi la taa limepata misumari ukutani.

Ijumaa, Arusha

Naandika sababu, ili kesho niwe na la kusema dukani.

Kila biti ya DRAM ni chaji ndogo iliyohifadhiwa kwenye kapasita moja, na transista moja inayofungua na kufunga. Muundo huo ni wa Robert Dennard wa IBM, hatimiliki yake ilitolewa 1968, na mpaka leo msingi haujabadilika. Kapasita hiyo ni ndoo inayovuja. Kazi ya kuijaza upya inafanyika bila kupumzika: kila safu lazima ifikiwe ndani ya milisekunde 64, ndiyo maana data inabaki. Joto likipanda, uvujaji unaongezeka. Viwango vya JEDEC, shirika linalopanga viwango vya chipu za kumbukumbu, vinajua hilo, ndiyo maana chipu inatakiwa kushika data kwa mzunguko wa kawaida mpaka nyuzi 85, na juu ya hapo muda unakatwa nusu, 32.

Kijiti M kina seli chache ambazo zinavuja kuliko zinavyoruhusiwa. Kwenye nyuzi 40 zinajazwa kabla hazijakauka. Kwenye 52 zinakauka kabla zamu haijafika. Hii inaeleza kwa nini kupunguza kasi hakukusaidia sana: iwe 3600 au 2400, muda wa kusubiri kujazwa ni uleule. Inaeleza pia kwa nini biti ilikuwa inaanguka upande mmoja tu, na kwa nini kwangu Sakina usiku, dirisha wazi, mashine ilifaulu mtihani wake wote.

Rafiki yangu anayesimamia seva alinipinga. Aliniletea utafiti wa 2009 wa Schroeder, Pinheiro na Weber kwenye seva za Google, ambao ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya vijiti vilipata angalau kosa moja la kusahihishika kwa mwaka, na kwamba joto lilikuwa na athari ndogo kuliko watu walivyodhani. Utafiti ni mzuri, na sina ugomvi nao. Lakini ule unazungumzia maelfu ya vijiti kwenye kumbi zenye upoozaji, wastani wa wote. Mimi nina kijiti kimoja chenye seli mbovu chini ya bati la Majengo. Wastani wa mji haukwambii nani ana homa.

Lingine alilolisema nakubaliana nalo: kama mashine inabeba kazi za watu, tungefikiria RAM ya ECC, ile yenye biti za ziada za kugundua na kusahihisha. Ryzen hii inaikubali kwenye baadhi ya mazabodi. Kuipata hapa ikiwa mpya na ya aina isiyo ya seva ndiyo kazi. Na tusidanganyane na DDR5: ile ECC yake ya ndani inasahihisha makosa ndani ya chipu, haiilindi data ikiwa njiani kwenda kwenye prosesa.

Kuna ujanja wa kuiambia Windows au Linux iruke anwani mbovu. Kwa kompyuta ya mtoto kuchezea, sawa. Kwa harusi ya mtu, hapana. Seli iliyo dhaifu kwenye 52 ina majirani ambao sijui watafika 58 au 65.

Jumamosi, dukani

Muuzaji ni kijana mstaarabu, duka lake lina kiyoyozi kinachouma masikio. Akakichukua kijiti M, akakichomeka kwenye mashine yake ya kaunta, Windows ikafunguka. "Kaka, si unaona inawaka?"

Nikamwomba akipime. Akaendesha kile kipimo cha Windows chenyewe, kikamaliza, hakuna tatizo. Kwa haki, chumba kile kijiti chake hakikuvuka nyuzi 35.

Nikatoa multimita na draya. Ya mke wangu, ile ya Moshi haivuki barabara.

"Hapana kaka. Ukinichoma na draya hata mimi nitaungua."

Hoja yake siyo ya kijinga. Mteja akileta kijiti na kifaa cha moto, utajuaje kwamba hakukiharibu nyumbani? Nikamwambia mambo mawili. La kwanza, kipimo hiki hapa kwenye skrini, ukiona kimefika 60 tuzime, na kiwango cha chipu ni 85. La pili, chukua kijiti chako mwenyewe kutoka kwenye shelfu, aina ileile, tukipashe vilevile kwa draya ileile. Kama na chako kitatoa mekundu, nakwenda zangu na hutaniona tena kwa suala hili.

Hilo la pili ndilo lililomlainisha. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri kava za simu wakasogea.

Chake kikaenda mpaka 60, safi. Changu kwenye 53 mstari wa kwanza, kwenye 55 skrini imejaa. Akaisoma biti mwenyewe kwa kidole, safu kwa safu, akasema "ni ileile tu." Akazima kiyoyozi, akarudia bila draya, na huku ameziba feni ya kasha kwa kadibodi. Ilichukua muda mrefu lakini mstari ukaja. Nadhani hapo alikuwa anapima kwa ajili yake, siyo kwa ajili yangu.

Alitaka kunibadilishia M tu. Nikakataa, nikamwambia niletee jozi, nami nitakurudishia na K shemeji akishapata mpya. Vijiti vinauzwa kwa jozi kwa sababu vimepimwa pamoja. Jina moja na namba moja kwenye stika haviahidi chipu za aina moja ndani, kiwanda kinaweza kubadilisha katikati ya mwaka. Akapiga simu kwa anayemletea mzigo, wakazozana kidogo, akakubali. Ameniomba nimwandikie jina la ile programu ya flashi.

Jozi mpya nimeipima nyumbani kabla ya kuipeleka popote: kasha limefungwa, draya, 62. Safi.

Jumatano, Moshi

RAM mpya imeingia. Safari hii nimeiweka 3200 na siyo 3600. Sababu si M, maana kasi haikuwa kosa lake. Studio haina dari, vumbi litaingia, feni zitachakaa, na ndani ya 3200 niko kwenye kipimo ambacho AMD wenyewe wanakitambua. Kwenye kurenda video tofauti ya kasi hizo mbili shemeji hataiona. Nimeongeza feni moja ya mbele inayovuta hewa, na mashine sasa iko juu ya kabati dogo, shibiri kutoka ukutani.

Memtest imezunguka kuanzia saa sita mchana, kasha limefungwa, vijana wa mageti wanapiga kazi. Waya wa multimita umeachwa ndani: kijiti kilikaa kwenye 46, kikafika 47. Hakuna kosa. Baadaye nimerenda mradi wa kamera tatu huku naangalia, na kupima alama ya hashi ya faili lile la saba, c, nne kabla na baada. Haikubadilika.

Fundi wa jirani alikuja kuangalia. Nimemwambia hakukosea kuhusu umeme. Nilipima kwenye soketi wakati wanachomelea na ukashuka kutoka 228 hadi 196. Haukuwa chanzo cha makosa haya, lakini diski na paua saplai hazitaupenda. Shemeji atanunua UPS mpya mwisho wa mwezi, yenye kurekebisha volti, na fundi huyo ndiye atakayeifunga.

Zimebaki video. Kila kilichonakiliwa kati ya Jumatatu ile na Alhamisi ni mtuhumiwa. Kwa kadi ambazo hazijafutwa tumenakili upya na kulinganisha hashi na nakala za zamani: nyingi zilikuwa sawa, faili mbili zilitofautiana, na kwenye moja kuna mstari wa kijani unaopita usoni kwa bi harusi kwa muda wa kupepesa jicho. Zimebadilishwa. Kwa zile kadi mbili zilizofutwa hatuna cha kulinganisha nacho. Moja ni ya kichenipati na mwenye nayo alikuwa na kamera ya pili, tutafunika. Nyingine ni sendofu ya Kibosho. Nimeacha programu ya kurejesha faili zilizofutwa inaisoma kadi, imefika asilimia 40, na shemeji ameahidi kutoigusa mpaka Jumapili tutakaporudi kutoka ibadani.